Kumnyima Diwani Si Kumkagua

Imekuwa ada katika nchi yetu, kila linapotajwa jina la diwani mbele ya watu walioketi barazani au waliopanda basi moja, mazungumzo yaishie kwenye posho. Rai iliyoenea, ambayo husemwa na mwenye elimu na asiye nayo kwa maneno yaliyokaribiana sana, ni kwamba udiwani ni kazi ya kujitolea. Kwamba mtu aliyezunguka kata nzima akiomba kura hana haki ya kudai ujira baada ya kuzipata. Kwamba kila shilingi iingiayo mfukoni mwake imetoka kwenye dawa ya zahanati au dawati la mtoto. Na kwamba raia mwema ni yule azipingaye posho hizo zote, kubwa na ndogo, za mwezi na za kikao, na huko kupinga ndiko kunakoitwa kumsimamia kiongozi. Makala haya yameandikwa kuipinga rai hiyo. Hayaandikwi kwa kuwaonea huruma madiwani, ambao miongoni mwao wamo waadilifu na wamo walaji kama ilivyo katika kila kundi la wanadamu. Yanaandikwa kwa sababu rai hiyo, kwa muda mrefu wa kuaminiwa kwake, imewafaa walaji na kuwaelemea waadilifu, nayo imetufanya tudhani kuwa tunakagua ilhali tunanung'unika.

Insafu yataka kwanza tuseme kwamba rai hiyo haikuzuka bure. Wazee wetu walisikia Azimio la Arusha mwaka 1967, na katika orodha ya viongozi waliotakiwa kutimiza masharti ya Azimio madiwani walitajwa waziwazi pamoja na mawaziri na wabunge. Waliokuwa vijana wakati huo wamebaki na picha ya kiongozi mwenye shati moja na baiskeli, na kila waonapo gari mbele ya nyumba ya diwani wa leo huuliza, kwa haki kabisa, limetoka wapi. Walakini wanaolitumia Azimio kuthibitisha kwamba kiongozi afanye kazi bure hawakulisoma vizuri. Azimio lilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, yaani ale jasho lake. Lilimkataza kumiliki nyumba za kupangisha, kuwa na hisa katika makampuni na kupokea mishahara miwili au zaidi. Anayeharamisha mshahara wa pili ameukubali wa kwanza. Muradi wa masharti yale ulikuwa kwamba pato la kiongozi liwe moja, lijulikane, na lisiwe na ndugu zake waliofichwa. Na hilo ndilo tuliloliacha, tukashika badala yake wazo la kwamba pato likiwa dogo limekwisha kuwa halali.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe, kwa kuwa maneno mengi husemwa juu ya posho na watu wasiopata kuijumlisha. Serikali Kuu ilipoamua katika bajeti ya mwaka 2021 kuanza kuwalipa madiwani wa halmashauri zenye mapato madogo moja kwa moja katika akaunti zao, posho ya mwezi ya diwani ilikuwa shilingi 350,000. Kwa mwaka ni shilingi 4,200,000. Chukua, kwa mfano, halmashauri yenye madiwani 30: posho zao za mwezi kwa mwaka mzima zitafika shilingi milioni 126, na ikiwa bajeti ya halmashauri hiyo ni shilingi bilioni 30, posho hizo hazifiki nusu ya asilimia moja ya fedha ambazo watu hao 30 wamekabidhiwa wazipitishe, wazilinde na wazihoji. Sehemu iliyobaki, zaidi ya tisini na tisa katika kila mia, ndiyo yenye barabara za vumbi zilizolipiwa kama za changarawe, visima visivyotoa maji, na mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo marejesho yake yamekuwa hoja ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mwaka baada ya mwaka. Mtu anayetumia hasira yake yote katika ile nusu ya asilimia, kisha akafika mchovu kwenye ile tisini na tisa, amewafanyia wezi hisani wasiyomwomba.

Fauka ya hayo, wanaosema diwani afanye kazi bure ndio hao hao wanaobisha hodi kwake alfajiri. Hapana diwani wa kata ya shamba wala ya mjini asiyejua maana yake: mgonjwa hana nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, msiba umetokea, na sanda na maturubai yatakiwa kabla ya adhuhuri, mtoto amefaulu lakini hana sare, timu ya vijana haina jezi, harusi ina kadi ya mchango yenye jina la mheshimiwa juu yake. Akitoa, husemwa ana fedha za wizi. Akinyima, husemwa amesahau alikotoka, na uchaguzi ukifika hukumbushwa. Tumemwekea mtu huyu, bila ya sheria yoyote kutamka hivyo, wajibu wa kuwa baitulmali ya kata, ilhali tunamkemea kwa kupokea senti. Jamala hiyo yote haiandikwi popote, haina stakabadhi, wala hakuna mkaguzi aiulizaye. Na kwa kuwa shilingi 350,000 haziwezi kuibeba, aibebaye lazima awe na chimbuko jingine la fedha. Chimbuko hilo laweza kuwa duka lake au shamba lake, na hapo hatuna neno. Laweza pia kuwa mkandarasi anayengoja zabuni, au ofisa ardhi mwenye kiwanja kisicho na mwenyewe kwenye ramani. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na sisi tunaoupeleka mkono wa diwani kwenye midomo ya watu mia tunajua wazi kuwa hatukuutia kitu.

Ubaya wa posho haba na yenye mashaka hauishi hapo, kwani huufikia mhimili wenyewe wa kazi ya udiwani. Kazi ya diwani ni kumhoji mkurugenzi mtendaji, ambaye ni afisa masuhuli wa halmashauri na pia katibu wa baraza. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2021, katika halmashauri nyingi zenye mapato madogo, mwenye kuhojiwa ndiye aliyeshika mfuko wa kumlipa mwenye kuhoji, naye aliweza kusema, pasipo kusema uongo, kwamba makusanyo ya mwezi huu hayatoshi. Diwani ambaye amedai posho ya miezi kadhaa na ambaye amekopa dukani kwa ahadi ya posho hiyo ataingia Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango akiwa na kabrasha mkononi na deni kichwani. Atauona ukurasa wenye malipo yasiyo na viambatanisho. Na atapima, kama mwanadamu yeyote, gharama ya kufungua kinywa. Sisi wengine tulio nje tutalaumu uoga wake. Lakini uoga huo tuliununua sisi, kwa rai yetu kwamba anachodai si haki yake bali ni fadhila, na kwamba fadhila yaweza kungoja. Ndiyo maana nasema uamuzi wa kuwalipa moja kwa moja ulikuwa hatua ya usimamizi wa fedha za umma kuliko ulivyokuwa hatua ya kuwapendelea madiwani, na ajabu ni kwamba wengi waliupokea kwa kunung'unika.

Historia ya mataifa mengine inatoa ushahidi juu ya jambo hili. Huko Uingereza, kwa karne nyingi wabunge wa makabwela hawakulipwa mshahara, na waliokuwa wakisifu desturi hiyo kwa jina la heshima na kujitolea walikuwa aghalabu ni wenye mashamba makubwa na wenye viwanda, ambao hawakuuhitaji. Mfanyakazi wa mgodi aliyechaguliwa aliishi kwa michango ya chama chake cha wafanyakazi, mpaka mwaka 1909 majaji wa Baraza la Malodi walipotoa hukumu kwamba vyama hivyo havina ruhusa ya kisheria kutumia fedha zao kwa siasa. Na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba neno kujitolea lilikuwa mlango uliofungwa usoni mwa maskini. Mwaka 1911 Bunge liliamua mbunge alipwe paundi 400 kwa mwaka. Bunge la kujitolea halikuwa na watu waadilifu zaidi. Lilikuwa na matajiri zaidi. Nasi tukiendelea kusema kuwa udiwani haustahili ujira, tutazame ni nani watakaoweza kuchukua fomu: hatakuwa mwalimu mstaafu, wala mama muuza samaki wa sokoni, wala kijana fundi; atakuwa mfanyabiashara mwenye malori ya mchanga, ambaye posho si kitu kwake kwa kuwa ameijua njia ya kwenye zabuni.

Hapa mpinzani wangu atanikatiza, na ni haki yake. Atasema: wapo waliolipwa vizuri na bado wakala, tazama Kenya. Naam, na tuitazame. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda, kwa kifungu cha 230, Tume ya Mishahara na Marupurupu ili viongozi wasijipangie malipo wao wenyewe, na wawakilishi wadi wa kaunti 47 hulipwa kwa viwango ambavyo tume hiyo huvichapisha katika Gazeti rasmi la Serikali. Pamoja na hayo, mwaka 2021, Mswada wa Mpango wa Maridhiano uliojulikana kwa jina la BBI ulipokuwa ukipelekwa katika mabunge ya kaunti, wawakilishi wadi walifunguliwa mlango wa kupewa ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2 kila mmoja, badala ya mkopo wa gari waliokuwa nao hapo kwanza. Mabunge ya kaunti zaidi ya 40 yakaupitisha mswada huo, ambao baadaye ulianguka mahakamani. Sina haja ya kudai kwamba gari ndilo lililopiga kura. Latosha kusema kwamba ujira uliopangwa vizuri haukuzuia marupurupu kuja kwa wakati wa kutiliwa shaka.

Lakini mfano huu, ukiutazama kwa makini, waniunga mkono mimi. Wakenya walizijua milioni 2 zile kabla ya kura kupigwa, wakazijadili, wakazikejeli, na magazeti yakaziandika, kwa kuwa nchi ile imejenga mazoea ya kuandika kila malipo mahali yanapoonekana. Kadhalika, taarifa za Msimamizi wa Bajeti huonyesha, kaunti kwa kaunti, fedha zilizotumika kwa safari za ndani na za nje. Na humo ndimo raia wa Kenya wamejifunza kwamba tundu lililo kubwa haliko kwenye mshahara, liko kwenye safari za mafunzo na vikao vya hotelini vinavyofanyika mbali na kaunti yenyewe. Walaji wapo kila mahali. Tofauti ni kwamba huko mlaji ana ukurasa wake. Huku kwetu mwananchi aijua posho ya mwezi kwa kuwa ni moja na haibadiliki, lakini muulize gharama ya ziara ya mafunzo ambayo baraza lake liliifanya mkoa wa mbali: masurufu yalikuwa kiasi gani, posho ya kujikimu ililipwa kwa siku ngapi, nani alirejesha stakabadhi, na ni funzo gani lililotiwa katika muhtasari wa kikao kilichofuata. Hajui, wala hajawahi kuuliza, kwa kuwa tumemzoesha kuilalamikia ile ya mwezi.

Na jambo hili si la madiwani peke yao. Mwishoni mwa mwaka 2011 taifa lilishtuka kupata habari kwamba posho ya kikao ya wabunge imepandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na Spika Anne Makinda akaeleza kuwa sababu ni ugumu wa maisha Dodoma. Huenda maisha ya Dodoma yalikuwa magumu kweli. Kilichowaudhi watu ni kwamba hoja hiyo haikuletwa kwao kabla ya kiwango kupanda. Ujira ambao umejadiliwa hadharani waweza kuwa mkubwa ukavumiliwa. Ule uliojulikana kwa fununu huzaa tuhuma, hata ukiwa mdogo.

Nije sasa kwenye mas'ala ya likizo, ambayo wengi huyacheka yakitajwa. Husemwa: diwani hana saa za kazi, hana ofisi ya kusaini, likizo ya nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwanamke mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Diwani, kwa kuwa si mwajiriwa, hayumo. Tumeandika katika sheria viti maalumu ili wanawake waingie mabarazani, kisha tukaweka malipo ambayo sehemu yake hupatikana kwa kuketi kikaoni, na kanuni inayomvua kiti diwani aliyekosa mikutano mitatu ya kawaida mfululizo bila ruhusa. Diwani kijana aliyejifungua ana njia mbili: abebe mtoto mchanga kwenye barabara ya kilomita arobaini, au aombe ruhusa ambayo ni hiari ya mkubwa wake kumpa. Mwenye saratani naye ni vivyo hivyo.

Wenye kucheka hawatambui kwamba ukosefu wa likizo iliyoandikwa haumnufaishi mlipa kodi hata kidogo. Baraza la madiwani hukutana kwa kawaida kila miezi mitatu. Basi mtoro stadi, anayetokea katika mkutano mmoja kati ya mitatu, aweza kuishi mjini miezi mingi, akafanya biashara zake, asiitishe Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake, na asipoteze kiti. Yeye anayo likizo ndefu yenye malipo kuliko mwajiriwa yeyote wa nchi hii, na ameipata kwa sababu hakuna mtu aliyeiandika. Kungekuwa na siku zilizotajwa za ugonjwa, za uzazi na za mapumziko, na daftari la mahudhurio likabandikwa, siku ambazo hazimo katika hizo zingeitwa kwa jina lake, yaani utoro. Waingereza wanayo kanuni kwamba diwani ambaye hakuhudhuria kwa miezi sita mfululizo hupoteza kiti isipokuwa baraza lenyewe limeikubali sababu yake kabla muda huo haujaisha. Sababu hiyo hupitia kikaoni, na kikao kina muhtasari.

Lipo pingamizi jingine, zito kuliko yote, nalo ni la mwalimu na muuguzi. Husemwa: vipi tumfikirie diwani ilhali muuguzi analala zamu mbili na mwalimu ana watoto mia darasani? Siwezi kulijibu pingamizi hili kwa kulidharau. Nasema hivi: muuguzi ana mshahara uliotajwa, ngazi iliyotajwa, likizo iliyotajwa na mwajiri anayejulikana, na akionewa aweza kuonyesha karatasi. Simwombei diwani zaidi ya hayo. Wala sisemi posho yake ipandishwe kesho. Kiwango ni jambo la kupimwa na chombo kisicho chake, kwa kutazama uwezo wa hazina na kazi yenyewe, na huenda kipimo hicho kikatoa jibu lisilowapendeza madiwani. Ninachokipinga ni nchi kuona haya kulipa, ikaificha haya hiyo kwa neno kujitolea, kisha ikaacha malipo yapite kwa milango ya nyuma, ambako huwa makubwa kuliko yangekuwa kama yangepita mbele.

Basi kumkagua diwani ni kufanya nini? Katika England, kanuni za mwaka 2003 hulitaka kila baraza la mtaa litangaze, kila mwaka unapokwisha, jumla aliyolipwa kila diwani, na viwango vyenyewe hupendekezwa kwanza na jopo lisilo la madiwani. Jambo hilo halihitaji utajiri wa Ulaya. Kila ofisi ya kata ina ubao wa matangazo, na juu yake tumezoea kuona mapato na matumizi ya miradi. Na uwekwe hapo, kila robo ya mwaka, ukurasa mmoja wenye jina la diwani, posho yake ya mwezi, posho za vikao na idadi ya vikao hivyo, nauli, safari na mahali alikokwenda, siku alizohudhuria na siku alizokosa na sababu yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imekwisha kumpa raia msingi wa kuudai ukurasa huo, na mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi kwa sheria, ingawa viti vya wananchi humo aghalabu huwa vitupu. Diwani mwadilifu hataogopa ukurasa huo, maana utamwokoa na uvumi. Na mwenye kuuogopa atakuwa ametujulisha habari yake bila gharama ya mkaguzi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ya wafanyabiashara wa pwani haisemi mali iwe kidogo, yasema iandikwe. Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakaposikia tena mtu akisema madiwani wafutiwe posho, usibishane naye juu ya shilingi 350,000. Mwulize ni lini baraza lenu litakutana, mwende pamoja, mkae viti vya nyuma, na mkitoka mwandike barua kwa mkurugenzi mkiomba orodha ya malipo na mahudhurio ya diwani wenu kwa mwaka uliopita.